Hodi kwenye Mlango wa Fuso

Fuso ninayoendesha ina sheria moja ambayo si ya tajiri wala ya trafiki. Anayetaka kusogelea kabini, awe mpakiaji, mwenye mzigo au askari wa kizuizi cha barabarani, agonge mlango kwa kiganja na aseme hodi. Mbwa wangu, kutoka kiti cha pembeni, alikuwa anabweka mara moja. Mimi nasema karibu, hata kama niko uvunguni mwa gari nakaza nati, naye ananyamaza. Baada ya hapo unafungua mlango, unaingia, unakaa kwenye kiti chake, hata mkia unamkanyaga ukipenda. Bila hodi, hapana.

Watu wa njia ile yote, kuanzia Omurushaka mpaka Murongo mpakani, waliijua sheria hiyo na walinicheka kwa ajili yake. Akina mama wanaouza ndizi za kuchoma Kaisho walikuwa wakipiga hodi kwa sauti ya kanisani, wakisubiri bweko moja, kisha wakicheka mpaka wanashika mbavu. Waliuliza kama utingo wangu analipwa posho. Waliuliza kama ana leseni. Nilikuwa nawajibu vibaya, nao walizidi kucheka.

Habari ya utingo ilikuwa ya kweli. Zamani nilikuwa na utingo wa miguu miwili, msaidizi wa kukaa nyuma, kulinda mzigo na kuweka kigingi gari likigoma mlimani. Tajiri wangu, mtu wa Bukoba mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akaona huyo ni tumbo la bure, akamwondoa. Sasa, Fuso iliyoshiba saruji ikianza kupanda vile vilima vya kwenda Kyerwa, inakwenda polepole kuliko mtu anayekwenda shambani. Wezi wanajua kona zote. Wanadandia nyuma, wanakata kamba, mifuko inadondoka kwenye majani mmoja baada ya mwingine, na wewe uko mbele unapigana na gia huna habari.

Mbwa alidandia Nkwenda, siku nilipokuwa nashusha mabati. Nilimfukuza. Akarudi. Nilimfukuza tena kwa jiwe, akalikwepa, akarudi. Baadaye nikachoka. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limeliwa ncha na mbwa wenzake, na hakuwa na uzuri wowote wa kusema mtu amependa. Kwenye tambarare alikaa kabini kando yangu. Kwenye mlima nilisimama, yeye akaruka juu ya turubai mwenyewe, na hakuna mkono uliogusa kamba zangu tena. Sikumpa jina. Nilimwita wewe, naye aliitika. Mimi si mtu wa kubembeleza wanyama, lakini nilizoea kuzungumza njia nzima bila kubishiwa, na kwa tabia yangu hiyo ni raha kubwa.

Sasa nimseme mama mmoja niliyekuwa napakia ndizi kwake.

Alikuwa mjane, kibanja chake kiko upande wa Kituntu, migomba inashuka kutoka barabarani mpaka bondeni na mibuni imesimama katikati yake. Uwanja wake ulikuwa mpana, gari kubwa linaweza kugeuka, kwa hiyo majirani wote walileta mikungu yao pale, nami nilipita kila wiki kupakia ndizi za kupeleka mjini. Mwanawe mkubwa, mtu wa makamo kama mimi, mzee wa usharika kanisani kwao, alikuwa amejenga kwenye kibanja cha jirani. Yeye ndiye aliyesimamia upakiaji. Hatukuwa marafiki ila tulielewana.

Kwa mama yule, gari haliondoki mikono mitupu. Kila safari alinifungia kahawa ya kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, kaifunga vizuri kwa kamba ya mgomba, na kila safari nilikataa. Mimi ni mtu wa Muleba, nimekulia humo humo kwenye kahawa ya kumpokea mgeni, najua inavyopaswa kupokelewa. Lakini nilikuwa naona haya. Mama mzee, mjane, ananipa mimi ninayelipwa kwa safari? Nikamwambia mama, nitakula siku nyingine. Yeye akaona nina aibu za kijana, akaanza kunifichia. Mara niikute chini ya tairi la akiba, mara juu ya turubai. Nilikuwa naifungua Omurushaka huku nagombana na hewa.

Siku hiyo ilikuwa mchana, jua limetulia baada ya mvua. Tulikuwa tumemaliza kupakia, nami niko nyuma ya gari nafunga kamba na mwanawe. Dirisha la kabini nililiacha wazi nusu ili mbwa apate hewa. Mama akatoka jikoni na kifurushi chake, akapita upande wa pili tusimwone, akapanda ngazi ya gari, akaingiza mkono dirishani akiweke kwenye dashibodi.

Hakupiga kelele. Nilisikia tu sauti yake, chini chini, ikilalama kwa lugha ya nyumbani, "Waitu."

Nilipozunguka, alikuwa amesimama anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kahawa ilikuwa imetawanyika kwenye ngazi ya gari na kwenye matope. Mbwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, wima, anatazama mbele, kama alivyokaa siku zote baada ya kufanya kazi yake.

Mwanawe alifika, akauona mkono. Panga lilikuwa limelazwa kwenye mikungu, akalichukua. Nami nikajikuta nimeegemea mlango wa gari na mikono nimeitanua, mtu mzima, nikimkinga mbwa. Watu wakaanza kuja kutoka kwenye migomba ya jirani. Mtu mmoja akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: huyo mbwa amechanjwa?

Hapo ndipo penye shida ya mbwa wa barabara. Chanjo za mbwa huku hupita kijiji kwa kijiji. Bwana mifugo anakuja, mwenyekiti anatangaza, kila mwenye mbwa anamfunga kamba anampeleka kwenye uwanja wa shule. Mbwa wangu hakuwa na kijiji. Ikipita Nkwenda tuko Murongo, ikipita Igurwa tuko Bukoba. Kila mahali walidhani amechanjiwa kwingine, na mimi, kila nilipokumbuka, nilikuwa na saruji mgongoni. Nikasema sijui. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Siku si nyingi kabla ya hapo, kijiji cha pili kilikuwa kimeua mbwa mwenye kichaa, na kila mtu pale alikuwa na habari zake.

Mwanawe akaniambia niondoke mlangoni. Mama mmoja wa makamo akasema yakatwe kwanza manyoya ya mbwa, yachomwe, majivu yapakwe kwenye jeraha. Mwingine akasema akiuawa ndipo sumu inakufa naye. Walisema kwa nia njema kabisa, ndivyo walivyoona wazazi wao wakifanya. Tungekuwa tumemwua na kurudi makwetu, kama asingetokea jirani mmoja, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa nyumbani siku ile.

Yeye hakumtazama mbwa wala panga. Alimkamata mama mkono, akamkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, akaagiza maji na sabuni ya mche. Akaanza kuosha. Aliosha muda mrefu mpaka watu wakaona anapoteza muda, maji yakimwagika juu ya jeraha bila kukoma, na huku anaosha ndipo akazungumza, kwa sauti ya kawaida tu. Alisema mama apelekwe hospitali ya mjini sasa hivi akachomwe sindano. Na mbwa asiuawe. Afungwe, apewe chakula na maji, atazamwe. Akiwa mzima baada ya siku kumi, basi hakuwa na kichaa alipouma. Akianza kuumwa, tujue mapema. "Mkimuua leo," akasema, "tutabaki tunabahatisha, na anayebahatishiwa ni mama yenu."

Mwanawe alilishusha panga kidogo. Kisha akanigeukia, akasema yuko tayari kusubiri. Lakini mbwa aliyeonja damu ya mtu hawezi kuishi kijijini kwao wala kupita hapo. Siku kumi zikiisha, panga litafanya kazi yake, na niape mbele ya watu kwamba sitamzuia.

Niliapa. Ningefanya nini? Nilisema ndiyo, mbele ya watu wote. Nilipolisema nilikuwa nafikiria tu panga lirudi kwenye mikungu.

Tulimfunga mbwa kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia kahawa. Hakukataa. Alinitazama nikimfunga, akakaa chini, akidhani kuna mzigo hapo wa kulinda. Mama akapanda kabini, akakaa kwenye kiti cha mbwa kilichojaa manyoya, mkono kaufunga kwa kitenge, na tukaondoka na ndizi nyuma.

Njia nzima niliyakwepa mashimo. Nilimwomba radhi mpaka akachoka kuitikia. Yeye alikuwa na jambo moja lililomkera, na aliligeuza geuza mpaka tukafika mjini.

"Mwanangu, hivi mtu anabisha hodi uwanjani kwake?"

Nikamwambia hapana, mama.

"Sasa mimi ningejuaje?"

Hakuuliza kwa kunilaumu. Alitaka kweli kujua. Kila mtu wa njia ile alijua kubisha hodi kwenye gari langu, hata yeye alikuwa amewasikia wapakiaji na kuwacheka. Lakini pale lilikuwa limesimama mbele ya mlango wake, kwenye ardhi aliyoifagia mwenyewe asubuhi. Mwenye mji ndiye anayeitikia hodi, hapigi. Na mbwa, kwa upande wake, hakujua kama chini ya magurudumu kuna mji wa mtu.

Alichomwa sindano ya kwanza. Za kufuata alipangiwa siku zake, na daktari akarudia yale yale ya muuguzi: mtazameni mbwa. Nilimrudisha nyumbani, nikamwachia mwanawe namba yangu ya simu, nikaondoka bila kuaga nguzoni. Nilisikia bweko moja nyuma yangu wakati naingia barabarani.

Sipendi kuzikumbuka siku zilizofuata. Kila asubuhi nilipiga simu, na swali langu lilikuwa moja: amekula? Mwanawe alijibu amekula, akakata. Hakuwahi kunipa neno la pili. Nilipakia, nikashusha, nikapanda vilima vya Kyerwa na kiti cha pembeni kikiwa kitupu, kimebaki na alama ya damu ambayo sikuweza kuifuta wala kuiacha. Kwenye kona za wezi nilisimama, nikashuka, nikazunguka gari kutazama kamba, nikapanda, nikaenda kidogo, nikashuka tena. Akina mama wa Kaisho walipiga hodi, wakasubiri, wakaniuliza utingo yuko wapi. Nikasema yuko likizo. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa namwombea mbwa azidi kuwa mzima ili mama apone, na huku najua kwamba uzima wake ndio unaompeleka kwenye panga. Akiugua, mama yuko hatarini. Akibaki mzima, anakufa yeye. Nililipindua jambo hilo kila upande, sikupata pa kulishika. Nilikasirika na kila mtu: na mwanawe kwa kiapo chake, na tajiri kwa kumfukuza utingo, na mama kwa kahawa yake. Namwomba Mungu anisamehe kwa hilo la mwisho, maana lilinijia mara nyingi kuliko yote.

Katikati ya siku hizo, kabla sijapiga yangu, simu ikaja yenyewe. Nilikuwa njia ya kwenda Nkwenda na saruji. Alikuwa mwanawe, na safari hii alisema sentensi zaidi ya moja. Mbwa hajala tangu jana. Hanywi maji. Mate yanamtoka, amelala upande, akisogelewa anatoa meno. Mama hajui, lakini watu wamejua, na wamekusanyika.

Nasema ilivyokuwa: nilimfikiria mbwa kwanza. Nilimwona vile alivyolala. Halafu ndipo nikamwona mama na mkono wake uliofungwa. Nilimjua mtu mmoja wa kwetu aliyekufa kwa ugonjwa ule, nilikuwa mtoto, na kelele zake zilisikika mpaka kisimani.

Niligeuza gari pale pale na mzigo wote. Tajiri alipopiga kuuliza saruji imefika wapi, nikamwambia inarudi. Alisema maneno ambayo siyaandiki. Nilimjibu mengine ambayo pia siyaandiki, nikaizima simu, nikaendesha.

Nilipofika uwanjani, watu walikuwa wamesimama mbali, wamefanya nusu duara, kama wanaotazama nyumba inayoungua. Mama alikuwa ameshatoka nje. Hakuna aliyeweza kumficha kitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya watu wote, karibu na mbwa kuliko mtu mwingine, na ufito mrefu mkononi, mkono ule mzima. Mbele yake kulikuwa na sufuria iliyopinduka, na ardhi imeloa maji.

Mbwa alikuwa amelala kando ya nguzo ya kichanja. Ulimi nje, mate yanadondoka, macho mekundu. Mwanawe alinipokea kwa kutikisa kichwa tu. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Alikuwa anamtazama mama yake, hamtazami mbwa.

Nilisogea. Niliogopa. Niliogopa mbwa niliyelala naye kabini misimu na misimu, na yeye akanusa hofu hiyo, akainua mdomo, akaonyesha meno. Nikasimama. Mikono ikatafuta kitu cha kushika, ikaipata nguzo ya upande wa pili wa kichanja. Nikaigonga kwa kiganja, mara mbili.

"Hodi," nikasema.

Sikio lake zima likainuka. Kisha akabweka. Mara moja, sauti imekauka imepasuka, lakini ilikuwa ni yake.

Ndipo nikaona kamba. Alikuwa ameizunguka nguzo, akaizunguka tena, mpaka ikabaki fupi kama mkono wangu, imemkaba shingo. Chakula kilikuwa hatua mbili kutoka puani kwake. Maji vilevile. Alikuwa amekaa juani siku nzima, na kila mtu aliona kiu yake, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuizungusha kamba, kwa sababu ni mbwa anayetoa mate. Mama alikuwa amejaribu kumsogezea sufuria kwa ufito, ikapinduka. Alipotaka kwenda mwenyewe wakamshika.

Nilianza kuifungua kamba. Fundo lilinishinda, nikaikata kwa kisu. Nikamwita muuguzi kwa macho, naye akasema mpe maji, polepole. Nikaweka ndoo. Mbwa akainama, akanywa. Alikunywa mpaka tukasikia maji yakishuka tumboni, na uwanja mzima ulikuwa unamsikiliza mbwa akinywa maji. Kuna mtu nyuma yangu alianza kulia. Ndoo ilipoisha, mwanawe mwenyewe aliichukua, akaenda kuijaza tena, nami nikamfunga mbwa upya kwa kamba nyingine.

Kuanzia siku hiyo mama ndiye aliyemlisha. Muuguzi alimkataza kumgusa, naye alitii, lakini chakula alipeleka yeye, ndizi bokoboko za kuchemsha na mabaki ya maharage, anakisukuma kwa ufito mpaka mahali pake. Na kabla ya kukisukuma, majirani waliniambia, aligonga nguzo na kusema hodi, akangoja bweko lake. Watoto walikuja kumtazama bibi anayebisha hodi nyumbani kwake. Nikipiga simu sasa alipokea yeye. Nikiuliza amekula, ananijibu amekula, na wewe je, umekula?

Siku ya mwisho nilifika asubuhi. Sikupakia kitu. Bwana mifugo alikuwa ameshakuja, amemzunguka mbwa, amemtazama macho na mdomo na mwendo, akasema huyu ni mzima. Watu wakamshukuru Mungu. Mama mmoja akapiga kigelegele kifupi, akanyamaza, maana wote tulijua kinachofuata. Mwanawe alikuwa amesimama kando ya kichanja. Panga lilikuwa mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa. Sidhani kama alitaka tena. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu, na yeye ni mzee wa usharika, neno lake haliendi likirudi.

Akaniambia, "Dereva, uliapa."

Nikasema ndiyo, niliapa. Nilienda kuifungua kamba, kwa sababu sikutaka afe amefungwa. Mbwa alinirukia kifuani, anafikiri tunaondoka.

Mama alikuwa mlangoni. Akashuka uwanjani taratibu, akaja mpaka katikati yetu, akamwuliza mwanawe ni nani aliyeapa. Mwanawe akasema ni dereva, na yeye mwenyewe, mbele ya watu wote hawa. Mama akauliza mkono uliotoka damu ulikuwa wa nani.

"Mliapiana juu ya mkono wangu," mama akasema, "na mimi nimekaa pale kwenye kinu naoshwa. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Akaunyosha ule mkono, umefungwa bandeji, akagonga nguzo ya kichanja. Akasema hodi. Mbwa, pamoja na yote, akabweka. Mama akageuka akawatazama watu.

"Ameniitikia kila siku. Amekula kwangu. Nani atamuua?"

Mwanawe aliliinamisha panga. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mbwa asikanyage ardhi ya kijiji hiki tena. Akija, akae ndani ya gari. Mama akasema hilo ni sawa. Bwana mifugo akamchoma mbwa chanjo pale pale, na muuguzi akaniambia nimwandikishe kijiji hicho hicho, maana sasa amepata kijiji.

Sitasema yaliisha vizuri. Mama alimaliza sindano zake na alipona, lakini vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena. Mkono wa kuume. Alikuwa mwepesi wa kuchuma kahawa, sasa anachuma na kukaa, anachuma na kukaa, na kikapu chake majirani ndio wanaokimalizia. Kila nilipopita niliviona vile vidole kabla sijamwona yeye. Mwanawe tulisalimiana, tukapakia, basi. Tajiri alinipa onyo, nami nikalistahili. Na kahawa sikuikataa tena. Mama alikuja mbele ya gari wazi wazi, akagonga mlango, akasema hodi, mbwa akabweka dirishani, mimi nikasema karibu, naye akaingiza mkono na kifurushi chake. Mbwa aligeuza kichwa pembeni kila mara mkono ule ulipoingia. Hakushuka kamwe.

Mbwa alikufa kiangazi hiki, tukitoka Murongo. Alikuwa amezeeka, kwenye mlima nilikuwa nimeacha kumpandisha juu. Alilala kwenye kiti chake, na nilipomwambia kitu karibu na Kaisho nikaona mkia haujibu. Nilimzika kando ya barabara, peke yangu, na nililia kama sikuwahi kulia kwa watu wangu wengine. Nikamwambia tajiri gari lina hitilafu, nisiende Kituntu wiki ile. Na iliyofuata.

Wiki ya tatu sikuwa na la kusingizia. Nilisimamisha gari uwanjani, nikabaki kwenye usukani, nikiwasikia nyuma wakipakia. Nilikuwa sijamwambia mtu. Mama akatoka jikoni na kifurushi, akaja mpaka mlangoni, akagonga kwa kiganja.

"Hodi."

Akangoja. Nyuma, kwenye kioo, nilimwona mwanawe ameacha mkungu begani, amegeuza kichwa. Mama akagonga tena, polepole zaidi.

"Karibu, mama," nikasema mimi.

Alipanda ngazi ya gari, akaingiza mkono, ule wa vidole viwili visivyokunjika, akaupitisha mbele ya dashibodi bila kusimama, akaiweka kahawa kwenye kiti cha mbwa.

Mkono haukutoka. Aliuacha umelala pale juu ya manyoya, nami nikaushika.